"mwanza" inapogeuka ";zqnwq": kibodi za AZERTY, QWERTZ na Dvorak kwenye kompyuta ya mbali

Chapa neno "mwanza" kwenye laptop yenye kibodi ya Kifaransa huku umeingia kwenye seva iliyo mbali. Ukiona ";zqnwq", usikimbilie kununua kibodi nyingine wala kumlaumu fundi wa mtandao. Kila kitufe ulichobonyeza kimefika salama. Kilichokosewa ni tafsiri.

Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe. Mpangilio uliowekwa kwenye mfumo ndio unaoamua kama kitufe cha kwanza cha mstari wa juu wa herufi ni "q", kama kwenye QWERTY, au "a", kama kwenye AZERTY. Ukiwa mbele ya kompyuta moja, mtafsiri ni mmoja. Ukiingia kompyuta ya mbali, watafsiri wanakuwa wawili: laptop iliyo mezani kwako na seva iliyo huko iliko. Kazi nzima ya kurekebisha ni kuhakikisha tafsiri inafanyika mara moja tu. Isipofanyika kabisa, unapata takataka. Ikifanyika mara mbili, unapata takataka ya aina nyingine. Wengi hubadilisha mipangilio ya pande zote mbili kwa kubahatisha, kosa la kwanza likageuka la pili, nao wakadhani bado ni lilelile.

Huku kwetu tatizo hili lina njia mbili kubwa za kuingilia. Ya kwanza ni laptop za mtumba kutoka Ulaya: Ubelgiji na Ufaransa hutoa AZERTY, Ujerumani hutoa QWERTZ, Uingereza hutoa QWERTY isiyo sawa na ile ya Marekani. Ya pili ni ofisi zenye matawi pande zote za mpaka wa lugha, mtu wa Bukavu au Bujumbura anachapa kwa AZERTY kwenye seva iliyoandaliwa Nairobi au Dar es Salaam kwa QWERTY. Kuna pia wachache waliochagua kwa hiari yao Dvorak au Colemak, mipangilio inayopanga herufi tofauti kabisa na QWERTY. Hao huwa wanajua wanachokitafuta, ila kwenye kompyuta ya mbali ndio wanaoteseka zaidi.

Pima kwanza: sifuri au mbili?

Fungua Notepad kwenye kompyuta ya mbali na uchape. Usipimie kwenye sehemu ya nenosiri, kwa sababu nukta nyeusi hazikuambii kitu.

Kwa AZERTY, usiangalie "a" na "q". Hizo zimebadilishana nafasi, kwa hiyo "habari" itatoka "hqbqri" iwe tafsiri haikufanyika au imefanyika mara mbili. Inayosema kweli ni "m". Chapa "mwaka":

- ukipata ";zqkq", hakuna aliyetafsiri AZERTY; seva inadhani una QWERTY ya Marekani
- ukipata ",zqkq", wametafsiri wote wawili

Alama moja tu imetofautiana, na tiba zake zinapingana.

Kwa QWERTZ ya Kijerumani, "y" na "z" nazo zimebadilishana, hazisaidii. Bonyeza kitufe cha kistari, kile kilicho jirani na Shift ya kulia. Kikitoa "/", tafsiri haikufanyika. Kikitoa "ß", imefanyika mara mbili. Kwa Dvorak chapa "habari": "janaog" ni sifuri, "daxapc" ni mbili.

Ikiwa herufi zote ziko sawa na alama ndizo zinazokosea, umepata tafsiri moja lakini ya nchi jirani. Shift na 2 ikitoa @ badala ya alama ya kunukuu, na £ ikawa #, una kibodi ya Uingereza na seva imeweka Marekani. Hili ni la kawaida, na watu huishi nalo miaka. AZERTY nayo ina mtego wake: kwenye ya Ufaransa @ hupatikana kwa AltGr (Alt ya kulia) na kitufe cha 0, kwenye ya Ubelgiji ni AltGr na kitufe cha 2. Laptop ya mtumba kutoka Brussels iliyowekewa mpangilio wa Ufaransa itaandika herufi zote vizuri, halafu ikugomee kwenye anwani ya baruapepe.

Windows kwenda Windows

Remote Desktop ya Windows kwa kawaida hutuma namba za vitufe, na mwanzoni mwa muunganisho hutuma pia namba ya mpangilio wa laptop yako. Seva huupokea mpangilio huo na kuutumia ndani ya sesheni yako, yaani kipindi chako cha kazi kwenye seva. Kwa hiyo mtafsiri ni seva, kwa kufuata maelekezo yako. Namba zenyewe ni hizi: Marekani 00000409, Uingereza 00000809, Ufaransa 0000040C, Ubelgiji 0000080C, Ujerumani 00000407, Dvorak ya Marekani 00010409.

Mpango huu ni mzuri hadi pale seva inapokuwa haina mpangilio uliotajwa. Ukiwa na mpangilio uliotengenezwa kwa Microsoft Keyboard Layout Creator, namba yake huanza na "a", mfano a0000409, na seva isiyo na faili hilo haina la kufanya ila kurudi kwenye mpangilio wake wa kawaida. Ndiyo maana mwenye Colemak aliyoisakinisha mwenyewe anafika kwenye seva na kukuta QWERTY. Dawa ni kusakinisha faili lilelile kwenye seva, na hilo linahitaji ruhusa ya msimamizi.

Tatizo la pili ni sesheni zisizofungwa. Kubofya alama ya X juu ya dirisha hakukutoi kwenye seva, kunakata muunganisho tu, na sesheni inabaki hai pamoja na mpangilio iliyoanza nao. Umeingia asubuhi kwa laptop ya AZERTY, jioni ukaingia kwa kompyuta ya QWERTY, ukakuta mipangilio miwili imejazana kwenye kona ya chini kulia. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, toka kabisa kwa "Sign out", kisha ingia upya. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Mpangilio unaoonekana kwenye kona lakini haumo kwenye orodha ya lugha, kwa hiyo hauna pa kuufutia, ni mabaki ya sesheni kama hizo. Uongeze rasmi kwenye "Language & region", halafu uufute. Inachekesha, lakini inafanya kazi.

Seva ikiwa inatumiwa na watu wengi, na unataka isibadilike kila anapoingia mtu na kibodi yake, iamuru ipuuze mipangilio ya wageni. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout" /v IgnoreRemoteKeyboardLayout /t REG_DWORD /d 1 /f`

Kisha kila mtu atoke kabisa na kuingia upya; hali ikibaki ileile, washa seva upya. Kuanzia hapo kila mtu hupata mpangilio aliouweka mwenyewe kwenye akaunti yake ya seva. Mimi nisingeiweka hii kwenye seva ambayo watumiaji wake hawajaonyeshwa pa kuchagulia lugha. Utakuwa umewafungia wenye AZERTY nje.

Zima pia vitufe vya kubadili lugha. Alt ya kushoto na Shift zikigusana kwa bahati mbaya, mpangilio unageuka bila taarifa. Vinazimwa kwenye "Advanced keyboard settings", sehemu ya "Input language hot keys". Fanya hivyo kwenye laptop na kwenye seva, maana kila moja ina yake.

Nenosiri linalokubali asubuhi na kukataa mchana

Hili huwapotezea watu akaunti, tulitazame kwa karibu. Seva nyingi za Windows siku hizi hudai uthibitishe jina na nenosiri kabla sesheni haijafunguka. Dirisha hilo la kuandikia ni la laptop yako, linafuata mpangilio wa laptop yako, na kinachokwenda kwenye seva ni herufi zilizokwisha kutafsiriwa. Unaingia bila shida.

Ukienda kula, skrini ya seva inajifunga. Ukirudi unaandika nenosiri lilelile, vidole vilevile, lakini sasa unaandika kwenye skrini ya kufunga ya seva, ambayo huweza kuwa na mpangilio wake. Nenosiri lenye "a", "m" au "@" linakuwa kitu kingine. Unajaribu tena, na tena, na akaunti inafungwa na kanuni ya usalama.

Kwenye skrini hiyo kuna kialama cha lugha chini kulia. Kisome kabla ya kuandika. Kikisema ENG na una AZERTY, kibofye ubadilishe. Kisipokuwepo, fungua kibodi ya kwenye skrini kupitia kialama cha walemavu kilicho pembeni yake, ubofye herufi moja moja kwa kipanya. Au kata muunganisho kabisa na uingie upya, ili nenosiri liandikwe tena kwenye dirisha la laptop.

Tiba ya kudumu ni ya msimamizi: aendeshe `intl.cpl`, aende "Administrative", abofye "Copy settings" na kuweka alama kwenye "Welcome screen and system accounts". Skrini ya kuingilia itarithi mipangilio ya akaunti yake.

Kwa akaunti ambazo lazima zifunguke popote, za dharura hasa, tunga nenosiri lisilojali kibodi. AZERTY, QWERTY na QWERTZ zinakubaliana juu ya nafasi ya herufi 20: b c d e f g h i j k l n o p r s t u v x. Zinazogombaniwa ni a, q, w, z, m na y. Herufi 16 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya hizo 20 zinatoa takriban biti 69 za ugumu, hata bila alama wala herufi kubwa. Maneno ya Kiswahili hayakusaidii hapa kwa kuwa mengi hayawezi kusogea bila "a". Kama kanuni za ofisi zinadai tarakimu, ziandike kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, maana mstari wa juu wa AZERTY hutoa tarakimu kwa Shift tu. Na wenye Dvorak wasidanganyike: orodha hii haiwahusu.

VNC ni habari nyingine

VNC, njia nyingine ya kuendesha kompyuta ya mbali, haikufuata njia ya Remote Desktop. Inatuma jina la herufi iliyokwisha kutafsiriwa na laptop yako: "hii ni a", "hii ni @". Seva ndiyo inayotafuta ni kitufe gani kwenye mpangilio wake kingeweza kutoa herufi hiyo. Ikikipata, mambo safi. Isipokipata, mfano "é" kwenye seva yenye QWERTY ya Marekani, ama haitoki kitu au inatoka herufi ya ajabu.

Tafsiri mara mbili huzaliwa zaidi kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine. Ukiiendesha QEMU, programu ya kuendeshea mashine hizo, kwa `-k en-us`, inapokea "a" kutoka kwako, inaigeuza kuwa kitufe cha "a" cha Marekani, na kumpa mgeni aliye ndani, yaani mfumo wa mashine pepe. Mgeni naye akiwa ameweka AZERTY, kitufe hicho kwake ni "q". Ondoa `-k` kabisa. QEMU na programu nyingi za VNC za sasa zina nyongeza inayopitisha namba ya kitufe yenyewe, basi mgeni akabaki mtafsiri pekee. Kwenye Proxmox, mfumo wa kusimamia mashine pepe, chaguo hilo linaitwa "Keyboard Layout" na liko kwenye mipangilio; liache "Default" kwanza, na uligeuze pale tu jaribio la "m" linapokuonyesha haja. Seva ya TigerVNC nayo ina kigezo `RawKeyboard`. Ukikiweka 1, namba za vitufe hupita bila kuguswa.

RustDesk, programu nyingine ya kompyuta ya mbali, inakupa chaguo waziwazi kwenye menyu ya kibodi: "Map mode" hupitisha namba za vitufe, seva ikatafsiri, "Translate mode" hutuma herufi zilizotafsiriwa kwako. Unaandika maandishi ya kawaida, tumia ya pili. Unacheza na njia za mkato au unafanya kazi kwenye programu nzito za michoro, tumia ya kwanza na uweke mpangilio mmoja pande zote. Programu ya Microsoft ya Mac ina chaguo la namna hiyohiyo kwenye "Keyboard Mode": "Scancode" au "Unicode".

Linux

Ukitokea Linux kwenda Windows kwa FreeRDP, usiiachie programu ikisie. Toleo la 2 linaandikwa hivi:

`xfreerdp /v:192.168.1.20 /u:jina /kbd:0x0000040C`

Toleo la 3 limebadilisha sarufi, ni `/kbd:layout:0x0000040C`. Orodha ya namba zote hutolewa na `/kbd-list` kwenye la 2 na `/list:kbd` kwenye la 3.

Ukielekea upande wa pili, Windows kwenda Linux yenye xrdp (seva ya Remote Desktop ya Linux), kwanza soma `/var/log/xrdp.log` utafute "keylayout". Hapo utaona laptop imetuma namba gani. Xrdp ina faili `/etc/xrdp/xrdp_keyboard.ini` linalooanisha namba hizo na majina ya Linux. Namba isipokuwemo, inarudi Marekani kimyakimya. Ongeza mstari wako humo, anzisha xrdp upya, ufungue sesheni mpya. Kwa haraka, ndani ya sesheni endesha `setxkbmap fr`, au `be`, `de`, `gb`. Kwa Dvorak ni `setxkbmap us -variant dvorak`. Itadumu hadi utakapotoka.

Na kama kazi yenyewe ni ya amri tupu, achana na picha, ingia kwa SSH. SSH hubeba herufi, mpangilio wa seva hauhusiki hata kidogo.

Njia za mkato

Herufi iliyokosewa utaiona na kuifuta. Njia ya mkato iliyokosewa hutekelezwa. AZERTY isiyotafsiriwa: unabonyeza Ctrl+Z kurudisha ulichofuta, seva inapokea Ctrl+W na kufunga ukurasa. Unabonyeza Ctrl+A kuchagua yote, inapokea Ctrl+Q, ambayo kwenye programu nyingi ni kuondoka. Kabla mpangilio haujakaa sawa, tumia menyu kwa kipanya.

AltGr ina matatizo yake. Windows huichukulia kuwa Ctrl na Alt kwa pamoja, na katika safari nusu moja inaweza kupotea au kukwama. Dalili yake ni kibodi kuwa kichaa ghafla, kila herufi ikifungua menyu. Hutokea sana baada ya Alt+Tab, kwa sababu seva iliona Alt ikishuka lakini haikuiona ikipanda. Bofya ndani ya dirisha la mbali, kisha bonyeza na kuachia Ctrl, Alt, Shift na kitufe cha Windows, za kushoto na za kulia, moja baada ya nyingine.

Wanaotumia AutoHotkey kubadili vitufe watakuta inafanya kazi dirisha likiwa dogo na kugoma likijaa skrini. Kwenye "Local Resources" ya Remote Desktop, weka michanganyiko ya kitufe cha Windows ibaki "On this computer". Ctrl+Alt+Del utaipeleka kwa Ctrl+Alt+End.

Ng'ombe na kitufe bubu

Ukichapa "ng'ombe" ikatoka "ngómbe", seva imeweka "United States-International". Kwenye mpangilio huo ritifaa ni kitufe bubu: hakiandiki kitu hadi ubonyeze kinachofuata, na ikifuata irabu zinaungana. Ng'ambo inakuwa "ngámbo". Unaweza kubonyeza nafasi baada ya ritifaa kila mara, lakini kwa anayeandika Kiswahili kutwa nzima ni adhabu isiyo na sababu. Chagua "US" ya kawaida. Ikiwa imetoka "ng4o;be", umesharudi kwenye AZERTY isiyotafsiriwa.

Ukipita seva moja kuingia nyingine

Kwenye minyororo, seva ya katikati ndiyo "laptop" machoni pa seva ya mwisho. Rekebisha kuanzia karibu kwenda mbali: Notepad ya seva ya kwanza iwe sawa, ndipo ufungue ya pili. Anayeanzia mwisho hurudia kazi.

Mwenye Dvorak au Colemak anayepita minyororo ya namna hii kila siku anunue kibodi inayopokea programu ya QMK na kuweka mpangilio ndani ya kibodi yenyewe. Inatoa namba za vitufe kana kwamba ni QWERTY, na mashine zote njiani unaziacha "US". Gharama yake ni kwamba mwenzako akikaa kwenye meza yako hataweza kuandika hata jina lake.

Kuna mahali ambapo mipangilio ya mfumo haitakusaidia: kabla mfumo haujawaka. GRUB, programu inayowasha Linux, huanza na mpangilio wa Marekani hata kama Linux iliyo nyuma yake ni ya Kifaransa. Kwa skrini ya BitLocker, kinga ya diski ya Windows, inayodai tarakimu 48 za kurejesha diski, na kibodi ya mbali imegoma kutoa namba, tumia vitufe vya F1 hadi F9 kwa 1 hadi 9, na F10 kwa 0.